Kwanza Meza ya Drili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Imefika! Drili ya kusimama imefika! Saa nne asubuhi, juu ya mkokoteni, imefunikwa gunia kama mgonjwa. Wabebaji wawili waliishusha hadi stoo ya uani huku wakiguna, mmoja akaniuliza kama ni mashine ya kusaga. Nikamwambia hapana ndugu yangu, hii ni mashine ya kutoboa. Akauliza kutoboa nini. Watu wengine hawana maono.

Niweke kumbukumbu sawa, maana siku moja mtoto atasoma hapa. Mke wangu ana ujauzito wa miezi minane na nusu. Nesi amesema zimebaki wiki mbili, tatu zikizidi. Mimi nimepewa likizo ya siku kumi na nne pale kwenye ghala la vitabu vya shule ninapofanya ukarani, na likizo hiyo ina kazi moja tu: kutengeneza kitanda cha mtoto. Cha mbao. Kwa mikono yangu. Mbao nimeshazinunua tangu mwezi uliopita: nne ndefu za ubavuni, vijiti ishirini na nane, ubao wa miguuni, ubao wa chini wa kulalia, na ubao wa kichwani, mpana, mzuri mno. Kila kijiti kinaingia shimo la chini na shimo la juu. Mashimo hamsini na sita!

Juzi nilijaribu kwa drili ya mkono ya kuazima, kwenye kipande cha taka. Mashimo sita, kila moja limeangalia upande wake, kama ndugu waliogombania urithi. Hapo ndipo nilipopata wazo. Drili ya kusimama ina nguzo, na biti yake, ile ncha ya kutobolea, hushuka wima tu; haiwezi kutoboa upande hata ukiiomba. Kuna karakana ilikuwa inafungwa, mwenyewe akakubali tubadilishane na baiskeli yangu.

Mke wangu aliacha cherehani yake, akaja mpaka mlango wa stoo, mkono kiunoni. Akauliza baiskeli iko wapi. Nikamweleza. Akauliza kitanda kiko wapi. Nikamwambia kitanda kinaanzia hapa. Alirudi ndani akaikanyaga ile cherehani kwa namna ambayo sikuipenda.

Jioni akapita shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Akaizunguka drili yangu mara mbili. Akasema mchagua jembe si mkulima. Akasema yeye ana nondo zilizobaki kwenye kazi ya madirisha, siku moja tu, kitanda tayari, na hata tembo akikilalia hakivunjiki. Nikamjibu kwamba mwanangu si mwizi na wala si dirisha. Mke wangu alicheka. Sijajua alimcheka nani.

Nitasema ukweli hapa, kwa kuwa kwa sasa hakuna anayesoma. Hili jambo linanichoma. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliniahidi kitanda nikiwa na miaka mitano. Mbao zilikuwepo. Mpaka naoa bado zilikuwa zimeegemea ukuta. Mwanangu hatalala kwenye ahadi. Nimeapa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua jambo kubwa. Drili haina meza!

Ina kimeza cha chuma, ndiyo, kidogo kama sinia ya chai, kina tundu katikati na kinateleza. Niliweka juu yake ubao wa ubavuni, wa mita moja na robo. Ukacheza huku, ukacheza kule, ncha moja ikaniingia mbavuni. Nani atatoboa mashimo hamsini na sita kwa mtindo huo? Nikatoka mbio mpaka kwa muuza mbao wa njia panda.

Muuza mbao ni mtu mzima ambaye penseli haitoki sikioni. Akanieleza wanavyofanya wenye kujua. Unafunga meza ya mbao juu ya kile kimeza cha chuma: pana, bapa, ubao mzima unakaa bila kuyumba. Nyuma unaweka ukingo wa kuegemezea, ili kila shimo litoke umbali ule ule. Na katikati, chini ya biti inaposhuka, unakata mraba na kutia kibao cha kuchomoka. Kazi ya hicho kibao ni kuumia badala ya meza. Kikishatobolewa sana unakitupa, unaweka kingine. Alirudia mara mbili: kisitiwe gundi. Kiwe cha kuchomoka. Nikamwambia nimeelewa, mimi si mtoto.

Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Meza! Kwanza meza, kisha mashimo, kisha kitanda. Siku mbili tu, meza imekwisha.

Tatizo lilikuwa ubao wa kutengenezea. Nikaingia stoo, nikautazama ule mpana wa kichwani mwa kitanda. Mnyoofu. Mgumu. Umekaa tu, haufanyi kazi yoyote. Nikafikiri: mtoto mchanga ana haja gani na ubao wa kichwani? Hajui hata kichwa chake kiko wapi. Nitatafuta mwingine baadaye.

Nimeukata saa kumi jioni, na msumeno umepita vizuri ajabu. Mke wangu alipaza sauti kutoka ndani akiuliza ninakata nini. Nikasema kitanda.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Naandika nikiwa nimeikalia meza. Si utani. Vipande viwili vimegandishwa kimoja juu ya kingine, na gundi inataka uzito kwa saa tatu. Jiriwa ninayo moja tu, tena imechakaa, haibani hata karatasi. Kwa hiyo nimeweka jiwe la kuzuilia mlango, sanduku la vitambaa vya mke wangu, ndoo mbili za maji zilizojaa, na pale palipobaki, mimi mwenyewe. Nasikia gundi ikishika. Nina furaha kubwa!

Saa tano mke wangu alihitaji maji. Nikamwomba asubiri hadi saa saba. Akaniangalia. Akachukua ndoo tupu akaenda bombani mwenyewe, tumbo mbele. Nilimwita arudi. Nilimwita kwa sauti kubwa kabisa! Ila kuinuka sikuweza, gundi ingeachia.

Na ni nani aliyeingia uani wakati anarudi? Shemeji. Akamkuta dada yake kabeba maji na mimi nimeketi kama mwali. Alimpokea ndoo, akaipeleka ndani, akarudi, akazitazama zile ndoo mbili zilizojaa ubavuni kwangu. Nikamweleza kwamba hayo ni maji ya kazi. Akatikisa kichwa akaingia tena ndani.

Kisha nikasikia tepu. Naujua mlio wa tepu ikivutwa! Ulitoka chumbani kwetu. Alikuwa anapima ile kona ya kitanda cha mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Damu ilinichemka, nilitaka nimfuate nimkabili uso kwa uso, lakini zilikuwa zimebaki dakika arobaini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi! Meza imefungwa kwa bolti nne. Ni pana, ni bapa, pima maji inasema iko sawa kila upande. Ukingo umesimama nyuma. Kibao cha kuchomoka kinaingia na kutoka. Nilimwita mke wangu aje ashuhudie. Akashuhudia. Akasema ni nzuri, akauliza mbona rangi yake ni ile ile ya ubao wa kichwani. Nikamwambia mbao zote ni ndugu.

Saa nane mchana, balaa. Kile kimeza cha chuma hupandishwa na kushushwa kwa mkono wa kuzungusha ulio ubavuni mwa nguzo. Meza yangu ni pana mno. Ukizungusha mkono unagonga meza. Nusu mzunguko, ko! Haupandishi, haushushi. Na meza imebaki chini kabisa, biti inaishia hewani. Ninachoweza kutoboa kwa sasa ni hewa.

Mtu wa kawaida angekata kona ya meza. Mimi? Meza ina kona nne na zote nne zinalingana, nimezipima asubuhi na mchana. Nikapata wazo lililo bora: mkono urefushwe. Kipande cha chuma kiungwe, mkono utokeze nje ya meza. Ni kazi ya kuchomelea, dakika kumi.

Kwa shemeji? Bora nife. Niliung'oa mkono, nikauviringisha kwenye gazeti, nikatembea mpaka mtaa wa nne, kwa mchomeleaji nisiyemjua na asiyenijua. Nikamwambia ni wa rafiki yangu. Akasema huyo rafiki aje kesho. Nikasema nitakuja mimi, yeye ana shughuli.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siandiki mengi leo.

Saa tatu asubuhi, kabla sijatoka kuufuata mkono, mkono ulinifuata wenyewe, juu ya pikipiki ya shemeji. Kumbe yule mchomeleaji alijifunza kazi kwake, na kila akiletewa chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, kama huo mkono, humpelekea yeye, maana kikichomwa ovyo kinapasuka. Na shemeji ameuunga vizuri, sina budi kusema. Mshono umelala kama haupo. Alinikabidhi mbele ya mke wangu, polepole, kwa mikono miwili.

"Msalimie rafiki yako," akasema.

Mke wangu akauliza rafiki gani. Nikaenda stoo.

Saa kumi na mbili jioni. Nimeufunga. Nimezungusha. Meza imepanda! Imeshuka! Imepanda! Nimeipandisha na kuishusha mara thelathini hivi, na hasira yote imeniisha. Aibu ni ya siku moja, lakini meza inayopanda na kushuka ni ya maisha.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilikuwa nianze mashimo leo. Kalamu na alama tayari. Lakini nikawaza: meza mbichi itanyonya unyevu, itapinda, na mashimo yatapinda nayo. Vanishi kwanza! Mara mbili, na kila mara ikauke siku nzima.

Wakati wa kupiga msasa nikaona kasoro. Kile kibao cha kuchomoka. Kina mstari pembeni, mwembamba, lakini jicho linauona. Meza yote laini, halafu katikati kuna mraba, kama kiraka kwenye suti ya harusi! Nikakibonyeza, kikacheza. Nikakitia gundi. Nikapiga msasa juu yake kwa saa nzima. Mstari umepotea kabisa, huwezi kujua kibao kinaishia wapi na meza inaanzia wapi. Muuza mbao ana maneno mengi lakini hana jicho.

Mke wangu aliuliza kwa nini ninapaka vanishi kitu cha kutobolewa. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema mtoto hajui methali.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Vanishi ya pili. Nimeshinda stoo na taulo mkononi nikifukuza inzi. Inzi mmoja akitua kwenye vanishi mbichi ndiyo basi, utakuwa na inzi milele. Wawili walijaribu. Niliwashinda wote wawili. Bega linauma, lakini roho nyeupe.

Saa saba shemeji akaleta sampuli. Sampuli! Kipande cha nondo cha urefu wa mkono, kimepakwa rangi ya waridi, na ncha yake ameikunja ua. Ua la chuma. Akampa dada yake, si mimi. Niliona kwa dirisha la stoo jinsi mke wangu alivyokipapasa kwa kidole kimoja, taratibu, akasema kizuri. Kizuri! Meza yangu hajawahi kuipapasa kwa kidole hata kimoja. Niliona wivu, nakiri. Na kwa muda huo wa wivu nusura inzi wa tatu apite.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama mkwe amefika kumngoja mjukuu. Nilimpokea mzigo, nikamwamkia, akaniitikia marahaba baba, na kabla hajakaa akauliza kitanda kimefikia wapi. Nikasema kinaendelea. Nikaenda stoo kumsubiri aje aone meza. Ilikuwa imekauka, unajiona mpaka nyusi.

Alikuja kweli. Mkononi alikuwa na birika, ameniletea chai, mama wa watu ana moyo mzuri. Akaangaza macho akitafuta pa kuliweka.

Niliona kila kitu. Niliona birika likishuka. Lakini ni mama mkwe, utamkemea vipi? Lilitua katikati kabisa, likatoa sauti ndogo ya kuungua. Alipoliinua kumimina, palikuwa na pete nyeupe, duara kamili. Akasema nimetengeneza meza nzuri, akauliza kama ni ya chai. Nikajikaza kisabuni. Nikasema asante mama. Nikanywa birika zima. Alipotoka nilipiga magoti nikaiwekea meza shavu langu.

Msasa upya. Vanishi upya, mara zote mbili. Hakuna namna.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mke wangu alinisimamia mlangoni nikiwa napaka. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema miguu imemvimba. Alisema tumbo limeshuka. Alisema amezihesabu siku za likizo yangu na pia mashimo niliyotoboa, na hesabu ya pili haikumchukua muda. Kisha akasema hivi, nayaandika kama yalivyo:

"Jumamosi kaka analeta cha chuma. Akikikuta cha mbao, atarudi nacho. Asipokikuta, mtoto atalala kwenye chuma, na wewe utalala kwenye meza yako."

Jumamosi! Siku nne. Lakini kwa meza kama hii mashimo hamsini na sita ni kazi ya asubuhi moja. Dakika mbili kila shimo, hazifiki hata saa mbili. Nikamwambia aondoe shaka, mvumilivu hula mbivu. Moyo unanidunda sana. Ni msisimko. Nafikiri ni msisimko.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Imekauka! Inang'aa! Nilimwita muuza mbao aje kuiona. Akaisifu, akapitisha kiganja, akaipandisha na kuishusha. Kisha akaanza kukitafuta kile kibao cha kuchomoka. Akakitafuta kwa kucha. Nikamwambia kipo, kipo humo humo. Akauliza nimetoboa mashimo mangapi. Nikamwambia niko kwenye maandalizi. Akamtazama mke wangu aliyekuwa anaanika nguo, akamweleza na yeye habari ya kibao cha kuchomoka, sijui kwa nini, akaenda zake.

Kisha mazoezi. Mashine sikuiwasha. Niliweka kitambaa juu ya meza, ubao wa ubavuni juu ya kitambaa, nikawa nashusha biti mpaka karibu na alama, naipandisha, nasogeza ubao, nashusha tena. Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Raha isiyosemeka! Hakuna vumbi, hakuna kosa, na meza haiguswi. Ningeweza kuendelea hivyo mwaka mzima.

Baada ya shimo la nane, ubao ukagonga ukuta. Stoo ni nyembamba: upande mmoja mlango, upande wa pili ukuta. Na drili nimeimwagia saruji miguuni tangu siku ya kwanza ili isitikisike, kwa hiyo haisogei. Yamebaki mashimo sita na ukuta hautaki kuhama.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimechora ramani. Tundu ukutani, la mraba, sentimita kumi na tano kila upande. Ubao unapenya, unatokea bafuni, kazi inaendelea. Rahisi kabisa! Kinachotakiwa ni ruhusa ya mwenye nyumba. Anakaa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kesho asubuhi naondoka. Meza nimeifunika shuka.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwenye nyumba aliisoma ramani yangu amesimama kizingitini. Akauliza huo ubao utakapotokea bafuni, bafuni kutakuwa na nani. Swali zuri, na jibu nilikuwa nalo, lakini alikuwa ameshafunga mlango. Nikageuka. Jua kali, viatu vinabana, ruhusa sina. Baiskeli niliikumbuka kidogo.

Nilipofika kona ya mtaa wetu nikasikia mlio. Laini, unapanda na kushuka. Ni drili yangu! Nikakimbia.

Stoo ilikuwa imejaa unga wa mbao. Mke wangu ameketi kwenye kigoda chake cha cherehani, tumbo ameligeuzia pembeni, tepu ya kushonea shingoni. Mama mkwe ameshika ncha ya ubao. Ulikuwa ubao wa nne! Mke wangu alikuwa amezipima mbao zote kama anavyopima vifungo vya shati: kwanza katikati, kisha anagawa huku na huku, alama kwa chaki ya kushonea. Anashusha biti, anaipandisha, anasogeza. Hakuinua uso hata nilipoziba mwanga wa mlango.

Nikauliza, na ukuta je? Ubao si utagonga ukuta?

"Unaugeuza tu, baba," akasema mama mkwe.

Akaugeuza. Ncha ya huku ikaenda kule. Mashimo saba kutoka upande huu, saba kutoka upande ule. Nikaitazama ramani mkononi mwangu, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Hamsini na sita, na yote yamenyooka! Nilichukua kijiti nikakichomeka: kimesimama wima. Nikachukua kingine, na kingine. Nilikuwa nacheka kama mtoto, maana meza inafanya kazi! Ukingo unafanya kazi, ule mkono mrefu unafanya kazi, kila kitu kinafanya kazi kama nilivyosema! Ndipo mke wangu akauinua ubao wa nne, na nikaona kilichokuwa chini yake.

Tundu. Katikati ya meza. Limepenya vanishi, limepenya kibao, limetokea upande wa chini. Mke wangu alisema alijaribu kukichomoa kile kibao alichoambiwa na muuza mbao, akakibembeleza hata kwa ncha ya mkasi, hakikutoka, basi akaendelea na kazi.

Nilitia kidole mle ndani, kikaingia chote. Machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia. Mama mkwe akanipapasa mgongoni, akamwambia binti yake atazame jinsi mumewe alivyoguswa, akasema wanaume wanaolia kwa ajili ya watoto wao ni wachache. Sikumsahihisha.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Tumeunga kitanda. Mimi gundi na skrubu, mama mkwe vijiti, mke wangu anatoa amri akiwa kwenye kigoda. Ilipofika zamu ya ubao wa kichwani, wote wawili wakanitazama. Nikaitazama dari. Mke wangu akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na ubao wake wa kukatia nguo, ule anaoutumia tangu sijamwoa. Una mikwaruzo ya mkasi upande mmoja. Akasema utafaa. Iliniuma kweli, na bado inaniuma ninapoandika.

Saa tisa alasiri kikasimama. Kitanda! Nilikitikisa, hakikutikisika. Tulikizunguka wote watatu tukicheka.

Nilikuwa nafungua kopo la vanishi pale mke wangu alipoushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili na kusema uchungu umeanza. Nikauliza kama unaweza kungoja vanishi ya kwanza ikauke. Mama mkwe akanipokonya brashi.

Shemeji alikuja na gari la kuazima, mbio. Nyuma ya gari kulikuwa na kitanda cha chuma, cha rangi ya waridi, maua kila kona. Alikuwa amekileta siku moja kabla, mjanja yule! Tukakishusha uani ili dada yake apate pa kujinyoosha, tukaondoka. Mimi nilikaa nyuma nikiwa nimeshika mkono wa mke wangu. Njiani aliubana mpaka nikasahau habari zote za mbao.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Msichana! Saa mbili na robo asubuhi! Nimempakata. Ana vidole kumi, nimevihesabu mara mbili. Alikishika kidole changu akakibana kuliko jiriwa yoyote niliyowahi kuwa nayo. Nimelia tena mbele ya mama mkwe, na safari hii alichodhani ndicho kilichokuwepo. Sina la kuongeza. Nina furaha mpaka naogopa.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Wamerudi nyumbani, mama na mtoto. Tumemlaza kwenye kitanda chake. Alijinyoosha, akapiga mwayo, akalala! Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Shemeji akaja kukagua. Aliinama, akafumba jicho moja, akaifuata safu ya vijiti kutoka ncha hadi ncha. Akasema mashimo yamenyooka. Akanipa mkono! Kisha akatoka uani, akakibeba kitanda chake cha chuma na maua yake yote, akakipakia bila kinyongo. Nikasema asante shemeji, siri yote ni meza. Mke wangu alikuwa nyuma yake na alinisikia. Alinitazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akaniachia sifa zote. Kuna wake duniani, na kuna huyu wangu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mtoto amelala kwenye kitanda chake siku tatu, usiku na mchana, hana shida yoyote. Bosi ameniongezea siku saba kwa ajili yake. Siku saba! Mtu anaweza kufanya mengi kwa siku saba.

Leo asubuhi nimepima kidogo. Kwa nia njema tu. Kijiti cha kumi na moja, upande wa ukutani, kimesogea upana wa uzi. Mke wangu haoni, mama mkwe haoni, shemeji kwa jicho lake moja hakuona. Mimi naona! Na nikishaona siwezi tena kutoona. Ubao ule hauna budi kutobolewa upya. Lakini kwa meza ipi? Ile yangu ina jeraha katikati. Inatakiwa mpya, pana zaidi, yenye droo mbili za biti na ukingo wa kuteleza. Nimeshaichora. Ni nzuri mno, mikono inaniwasha!

Na ubao wenyewe sihitaji hata kwenda dukani. Ule wa chini wa kitanda ni mpana, mnyoofu, na unatosha kabisa. Mama mkwe anamwogesha mtoto, mke wangu amesinzia. Nimeshafungua skrubu sita, zimebaki mbili. Mtoto atalala katikati yetu kwa muda mfupi tu. Wiki mbili. Tatu, vanishi ikichelewa kukauka.